Danieli Hakukonda

Kila Januari, Mwaka Mpya ukishapita, matangazo ya Jumapili katika sharika zetu nyingi huwa na kipengele kinachofanana: mfungo wa Danieli, siku 21. Hakuna nyama, hakuna sukari, hakuna chai, hakuna maandazi. Mboga, matunda na maji. Kwa mfungo wenyewe hatuna neno. Kanisa limefunga tangu siku za Mitume na litaendelea kufunga. Neno letu liko kwa kitu kilichoingia pamoja na mfungo huo miaka ya karibuni, kikaketi kimya kama mgeni asiyejitambulisha, na sasa kinaelekea kuwa mwenye nyumba. Wapendwa wakitoka kwenye siku 21, hawaulizwi Bwana amesema nao nini. Wanaulizwa, "Umeshuka kilo ngapi?" Tumesikia habari za usharika mmoja ambako mizani iliwekwa ofisini siku ya kwanza, majina yakaandikwa na kilo zake pembeni, na siku ya mwisho walioshuka zaidi wakasomwa mbele ya ibada na kupigiwa makofi. Waliobaki palepale nao walikuwa wameketi humohumo kanisani, wakipiga makofi.

Mizani haikufika kanisani yenyewe. Ililetwa na vitabu, na vitabu hivyo vimekuwa vikitoka Marekani tangu miaka ya 1950. Wengi wetu hatujavisoma, ila tumevisikia: kwenye vipande vya video vinavyorushwa katika makundi ya WhatsApp, kwenye semina za wanawake, kwenye vijitabu vinavyouzwa nje ya mikutano ya injili. Tumeona inafaa kuvisoma vyenyewe, kwa haki, kabla Januari nyingine haijafika.

Tuanze na Maandiko, maana jina la Danieli ndilo lililoandikwa juu ya jalada. Habari iko katika sura ya kwanza ya kitabu chake. Vijana wanne wa Yuda, Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria, wamechukuliwa mateka Babeli. Mfalme Nebukadreza ameagiza wapewe chakula cha mezani pake na divai yake kwa miaka mitatu, kisha wasimame mbele yake. Danieli anakusudia moyoni asijitie unajisi kwa chakula hicho. Anaomba wajaribiwe kwa siku kumi (kumi, si ishirini na moja) kwa kupewa kile ambacho Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952 inakiita mtama. Tafsiri nyingine zinasema mboga. Neno la Kiebrania linataja tu vitu vinavyotokana na mbegu, kwa hiyo watafsiri wetu waliochagua mtama hawakukosea sana, na tunawapenda kwa hilo: Danieli wa Kiswahili alikula chakula ambacho bibi zetu wa Dodoma na Singida wangekitambua.

Sasa swali. Yule mkuu aliyepewa kazi ya kuwatunza vijana aliogopa nini? Aliogopa kwamba mfalme angewaona nyuso zimedhoofu kuliko za wenzao, na kichwa chake kingekuwa hatarini. Kwa maneno mengine, aliogopa wasije wakakonda. Na siku kumi zilipokwisha, ilikuwaje? Msomaji afungue mwenyewe mstari wa 15. Nyuso zao zilikuwa nzuri zaidi, na miili yao ilikuwa imenenepa kuliko ya vijana wote waliokula chakula cha mfalme. Imenenepa. Muujiza wa habari hii ni kwamba watu waliokula mtama na maji walionekana wameshiba kuliko waliokula nyama ya ikulu. Mwandishi wa kitabu cha Danieli angeshangaa sana kuona habari yake imegeuzwa kuwa njia ya kukata kitambi.

Kuna na jambo la pili ambalo halisemwi. Zile siku 21 zinatoka sura ya kumi, miaka mingi baadaye, Danieli akiwa mzee. Hapo anasema kwamba kwa majuma matatu hakula chakula kitamu, wala nyama wala divai havikuingia kinywani mwake, kwa sababu alikuwa akiomboleza. Mtu hasemi kwamba aliacha nyama kwa majuma matatu kama alikuwa ameiacha maisha yote. Danieli mzee, siku za kawaida, alikula nyama na kunywa divai. Ule mtama wa ujana wake ulikuwa msimamo wa mateka mbele ya mfalme aliyetaka kuwafanya wawe watu wake kwa njia ya tumbo. Majuma matatu ya uzee wake yalikuwa kilio. Kuviunganisha hivyo viwili, kuvitia katika ratiba moja na kuahidi kiuno chembamba ni kuyafanyia Maandiko jambo ambalo tungemkemea kijana wa darasa la kipaimara akilifanya.

Vitabu vyenyewe sasa. Cha zamani kati ya tulivyoshughulika navyo ni cha Charlie Shedd, mchungaji wa Kipresbiteri, kilichotoka mwaka 1957 kwa jina Pray Your Weight Away, yaani omba mpaka uzito wako uondoke. Shedd alikuwa amepungua mno yeye mwenyewe, na anaandika kwa furaha na utani wa mtu aliyefungua mlango akataka kuwavuta wengine wapite. Lakini kiini cha mafundisho yake ni kigumu: unene ni dhambi, na ni dhambi inayoweza kupimwa kwa mizani. Tulipofika hapo tuliweka kitabu chini kidogo. Kiburi hakina mizani, choyo hakina mizani, na mume anayempiga mkewe anaweza kuwa mwembamba kama fito. Dhambi ikishapata namba, mwenye namba ndogo anahesabiwa haki na mwenye namba kubwa anahukumiwa kabla hajaketi. Mafarisayo wa siku za Yesu hawakupata kipimo kizuri namna hiyo.

Baada ya miaka arobaini alikuja Gwen Shamblin. Alikuwa mtaalamu wa lishe huko Tennessee, alianzisha mafunzo yake mwaka 1986, na kitabu chake The Weigh Down Diet cha mwaka 1997 kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Tukisema haki, ndicho chenye akili kuliko vyote vitatu. Shamblin hakukataza chakula chochote. Alisema mle mnachokipenda, lakini msubiri mpaka tumbo lidai, na mkishiba mwache. Alisema pia kwamba watu wengi wanakula kwa sababu nafsi zao zina njaa ya Mungu na wanaijaza kwa sahani. Nani kati yetu hajawahi kula kwa huzuni? Jambo hilo ni la kweli, na mchungaji yeyote aliyekaa na wafiwa analijua.

Shida ni alikolipeleka. Kwa kuwa kupungua kulitokana na kumtii Mungu, basi asiyepungua hajatii. Wembamba ukawa ushahidi. Shamblin alianzisha kanisa lake mwenyewe, Remnant Fellowship, mwaka 1999. Mwaka uliofuata akaikana Imani ya Utatu na mchapishaji wake akasitisha kitabu kilichokuwa njiani. Alifariki mwezi Mei 2021 katika ajali ya ndege pamoja na wengine sita, mume wake akiwa mmoja wao, na si kazi yetu kumhukumu marehemu. Ila tunaona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Mtu akishafundisha kwa miaka kwamba utii unaonekana kwenye kiuno, msalaba unabaki bila kazi kubwa ya kufanya. Mafundisho potofu ya chakula na mafundisho potofu ya Kristo ni jirani wa karibu kuliko tunavyodhani. Soma Wakolosai sura ya pili, Paulo anavyowaunganisha wale wenye amri za usishike, usionje, na kichwa walichokiacha.

Cha tatu ni The Daniel Plan, cha mwaka 2013, na hiki ndicho hasa kilichofika kwetu. Waandishi ni Rick Warren, aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Saddleback la California, pamoja na madaktari wawili, Daniel Amen na Mark Hyman. Warren amesimulia mara nyingi chanzo chake: siku moja alibatiza watu zaidi ya 800, akiwashusha na kuwainua majini mmoja mmoja, na katikati ya kazi hiyo akawaza kwamba watu hawa ni wazito, na yeye pia ni mzito. Mpango ulianza Januari 2011. Kanisa lilitangaza kwamba mwaka wa kwanza washiriki walipoteza kwa pamoja paundi 250,000, yaani zaidi ya tani 110.

Kitabu hiki kina mema yake nasi hatutayaficha. Kinazungumzia marafiki, si chakula peke yake. Kinataka watu wakutane nyumbani kwa nyumbani, waombeane, watembee pamoja. Kinashauri nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe kitoweo na robo nyingine wanga, na hapo hakuna daktari atakayegombana nacho. (Kinaruhusu kuku na samaki, kwa hiyo Danieli wa sura ya kwanza hayumo ndani yake hata kwa sahani.) Lakini lile wazo la pale kisimani linatusumbua. Mchungaji amemshika mtu anayezikwa na kufufuka pamoja na Kristo, na anachokiona ni uzito. Tunaelewa kwamba mgongo ulimuuma. Wazo hilo lingepita tu. Badala yake likawa mpango, mpango ukawa kitabu, na kitabu kikajumlisha tani. Hesabu ile, tukumbuke, ni ya mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza huwa mzuri sikuzote. Mwaka 2007 Traci Mann na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipitia tafiti zilizowafuatilia waliojinyima chakula kwa miaka, wakaona kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili yao walirudisha uzito zaidi ya ule walioupoteza, ndani ya miaka minne au mitano. Dada aliyepigiwa makofi Januari akarudi alikokuwa kufikia Pasaka mara nyingi hakuwa mvivu wa maombi. Mwili wake umeumbwa kukumbuka njaa.

Hilo lilionekana wazi katika kisa ambacho watu wa Kanisa wanapaswa kukijua, kwa sababu waliokifanya walikuwa wengi wao watu wa Kanisa. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 walijitolea kulishwa kidogo kwa makusudi ili madaktari wajifunze jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri; wengi walitoka katika makanisa ya amani, Wakwekeri, Wamenonaiti na Ndugu. Kwa miezi sita walipewa chakula cha kadiri ya nusu ya walichozoea, nacho kilikuwa bado kingi kuliko baadhi ya ratiba zinazosambazwa leo kwenye simu zetu. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini lililowashangaza madaktari ni lililotokea vichwani. Vijana wale wapole wakawa wakali. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kuota chakula, kuramba sahani, kukaa na kikombe kimoja cha chai saa nzima. Na waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula mpaka wakaumwa na bado hawakuhisi kushiba.

Tuliposoma hayo tuliwakumbuka mabinti kadhaa tunaowajua. Anayekula mbele za watu kijiko kimoja cha wali, kisha usiku anafungua sufuria peke yake. Anayejua hesabu ya kila tunda lakini hawezi tena kusema kama ana njaa. Anayekwenda chooni kila baada ya chakula na kurudi macho mekundu. Huyo anahitaji hospitali na watu wa kumpenda, na kumwombea apate nidhamu ni kummalizia. Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya watu ambao mungu wao ni tumbo, nasi tumezoea kuwatupia mlango huo walafi. Lakini anayewaza tumbo lake tangu asubuhi mpaka usiku, anayelipima, kulilaani, kulitolea sadaka na kulitetemekea, naye ana mungu gani?

Hapa kwetu jambo hili lina uchungu wake wa pekee. Kizazi cha wazazi wetu hakikuogopa unene, kiliogopa kukonda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Rakai, watu wa Uganda waliuita ugonjwa ule Slim, kwa jinsi ulivyowakausha watu. Kwa miaka ishirini mtu akipungua kidogo tu majirani walinong'ona. "Umenenepa" ilikuwa salamu ya shukrani. Maana yake ilikuwa, tunakuona bado uko nasi. Sasa watoto wa kizazi hicho wanalipa fedha ili wapungue, na salamu ileile ya shangazi inamliza binti chumbani. Hatusemi shangazi yuko sahihi. Mwili wa mtu si gazeti la kusomwa mlangoni. Tunasema tu kwamba katika muda wa maisha ya mtu mmoja wembamba umekuwa laana na umekuwa taji, na Mungu hakubadilika katikati.

Ndugu mmoja atauliza: na kisukari? Na presha? Ni swali la haki. Magonjwa hayo yapo katika kila jumuiya, yanaua, na daktari akimwambia mama apunguze sukari na chumvi na atembee kila jioni, amsikilize. Kumtii daktari ni jambo moja. Kuuchukia mwili ulioumbwa na Mungu ni jingine, na mara nyingi la pili linaharibu la kwanza, kwa sababu mtu hatunzi anachokichukia. Tena wagonjwa hao ndio mfungo wa mashindano unaowatia hatarini kwanza. Anayechoma insulini akiacha kula bila kupanga na daktari wake, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Mzee wa kanisa anayemwambia kwamba imani itamshika anasema asilolijua.

Tumeshangaa pia jinsi ambavyo sisi, watoto wa Matengenezo ya Kanisa, tumeingia katika jambo hili bila kukumbuka tulikotoka. Kule Zürich, Kwaresima ya mwaka 1522, wafanyakazi wa mchapaji Christoph Froschauer walikula soseji wakati wa mfungo. Zwingli alikuwapo, yeye hakula, lakini baada ya siku chache alihubiri juu ya uhuru wa Mkristo katika chakula, na matengenezo ya mji ule yakaanza kusogea kutoka kwenye sahani hiyo. Luther naye alifunga utawani mpaka akaudhuru mwili wake, na baadaye alionya wengine wasifuate. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile tuliyoikariri wote, anasema kufunga na kuutayarisha mwili ni zoezi jema la nje. Anayestahili Meza ya Bwana ni yule anayeamini maneno ya Kristo. Zoezi jema la nje. Ameliweka mahali pake, hakulitupa, hakulipandisha madhabahuni.

Kuna kitabu kingine, cha upande wa pili, ambacho vijana wetu waliosoma wanakipenda: Intuitive Eating, cha wataalamu wa lishe Evelyn Tribole na Elyse Resch, kilichotoka mwaka 1995. Hakiongei habari za dini. Kinafundisha kuachana kabisa na fikra za kupunguza mwili, kuusikiliza mwili, kula ukiwa na njaa na kuacha ukishiba, bila kuita chakula fulani kizuri na kingine kiovu. Katika mambo mengi kinasema lile Petro aliloambiwa juu ya dari kule Yafa, asiviite najisi vilivyotakaswa, ingawa waandishi hawakuwa na nia hiyo. Tunakipendekeza, kwa wanaosoma Kiingereza, kuliko vile vitatu.

Lakini nacho kimeandikwa mahali penye jokofu lililojaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Usikilize njaa yako, sawa. Na mama anayeisikia tangu saa nne na chakula ni saa moja usiku, aisikilize afanye nini? Kitabu kinamwona mlaji akiwa peke yake na mwili wake. Sisi hatuli hivyo. Tunakula kwenye sinia, mikono mitano, na hakuna anayeweza kuhesabu tonge zake bila wenzake kumwona. Mpita njia anakaribishwa kabla hajasalimiwa vizuri. Kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mtu. Desturi hiyo ina matatizo yake, tunayajua: kuna kulazimishana, kuna mwanamume kupewa firigisi na watoto kupewa mchuzi, kuna mama aliyepika tangu alfajiri ambaye mwisho anakwangua ukoko akiwa amesimama. Uhusiano wa mama huyo na chakula hautaponywa na kitabu chochote cha kusikiliza mwili. Utaanza kupona siku mtu atakapomwambia, "Mama, kaa, tunakusubiri," na kweli wakamsubiri.

Injili nayo inajua habari za sinia. Yesu aliitwa mlafi na mlevi kwa sababu ya watu aliokula nao. Eliya alipolala chini ya mti akiomba afe, malaika hakumletea karipio; alimletea mkate uliookwa na maji, akamwamsha mara mbili ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Baada ya kufufuka Bwana aliwapikia wanafunzi kifungua kinywa ufukweni, samaki juu ya makaa. Na Paulo alipowakaripia Wakorintho juu ya chakula, hasira yake haikuwa juu ya wingi waliokula. Ilikuwa juu ya hili, kwamba mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa, kwenye meza moja, na wenye vitu hawakuwasubiri wasio navyo.

Kwa hiyo tunasemaje kwa wazee na wachungaji watakaopanga mfungo wa Januari? Mizani irudi kliniki, kwa wauguzi wanaojua kuisoma. Sare za kwaya zishonwe kwa miili ya waimbaji waliopo, na binti asiambiwe kwamba gauni lishakatwa, ajitahidi. Mahubiri juu ya mwili kuwa hekalu yarudi kwenye sura yake, Wakorintho wa Kwanza sita, ambako Paulo anazungumzia zinaa na miili iliyonunuliwa kwa thamani. Hekalu la Yerusalemu halikusifiwa kwa wembamba. Kwenye sendofu na kicheni pati, mshereheshaji aache utani wa kiuno cha bibi harusi. Na anayefunga apake mafuta, anawe uso, asijulikane, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo sita. Makofi ya kilo hayaendi pamoja na agizo hilo hata kidogo.

Na chakula kisicholiwa, kiko wapi? Hilo ndilo swali ambalo hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivi kinachoupa mfungo, na ndilo Kanisa la kwanza lililouliza mapema. Katika karne ya pili kiliandikwa kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, ambacho hakimo katika Biblia lakini Wakristo wa zamani walikisoma sana. Kinamwelekeza anayefunga ale siku hiyo mkate na maji tu, kisha apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula, na fedha hiyo ampe mjane, au yatima, au mhitaji. Hesabu ipo, basi. Ni ya fedha. Mwanafalsafa Aristide naye, alipokuwa akiwatetea Wakristo mbele ya Kaisari, alieleza kwamba kama kati yao yuko maskini na wao hawana cha ziada, hufunga siku mbili tatu ili apate kula.

Januari ni mwezi wa sare za shule, madaftari na viatu vipya, na unga hupungua nyumba nyingi kabla ya tarehe kumi na tano. Nyama ya wiki tatu, sukari, soda, maandazi ya saa nne kazini: familia moja ikiviacha, fedha hiyo inaonekana. Kila kiongozi wa jumuiya anazo nyumba mbili au tatu ambazo anazijua kwa majina, na hahitaji kutangaziwa Jumapili ndipo azikumbuke.